Hodi Kutoka Ndani ya Sanduku

Mashahidi walikuwa mia tatu na ushee. Wote walimwona mtu akifa, na wote walimpigia makofi.

Inspekta alikuwa mwanamke aliyezeekea kwenye upelelezi, na katika miaka yake yote alikuwa amezoea kesi zinazokosa mashahidi. Hii ilikuwa na mashahidi wa kumwaga, na hakuna hata mmoja aliyefaa kitu. Ukimwuliza alichokiona, anakusimulia onyesho: kinyago, moshi, taa za zambarau, sauti ya mwimbaji ikipanda mpaka meno yanauma. Ukimwuliza mwimbaji alikufa wakati gani, anakutazama kwa heshima zote na kukuuliza, "Kwenye wimbo, au kweli?" Wiki nzima Inspekta alikuwa akitwanga maji kwenye kinu, na mikono ilikuwa imeanza kumchoka.

Mwimbaji huyo watu walimwita Bundi. Bendi yake ilipiga nyimbo za kutisha, ndefu kama filamu, zenye kukata kona kila ukidhani umeshazijua. Katika wimbo wao mkubwa Bundi alikuwa bwana harusi anayezikwa akiwa hai. Analala ndani ya sanduku la mbao katikati ya jukwaa, kifuniko kinapigiliwa misumari ya uongo, moshi wa barafu kavu unafuka kwenye nyufa. Anabisha hodi kutoka ndani, na kinanda kinamjibu. Kisha kimya, kisha giza. Bundi anachoropoka kupitia kimlango cha siri upande wa nyuma, anapita chini ya pazia jeusi, na taa zikirudi watu wanamkuta amesimama katikati yao, amevaa nyeupe tupu. Huwa wanapiga mayowe kama watoto.

Ijumaa ile taa zilirudi na Bundi hakuonekana. Watu walingoja, wakapiga mayowe kabla ya wakati, wakangoja tena. Kifuniko kilipofunguliwa alikuwa ameshakata roho. Daktari wa polisi alisema moshi ule ulikuwa umefukuza hewa yote sandukuni. Kwa nini hakutoka kwenye kimlango chake, hilo daktari hakulijua, na halikuwa kazi yake kulijua.

Mkuu wa kituo alijiona analijua. Sanduku lilijengwa na fundi seremala, na fundi huyo alikuwa mume wa dada yake Bundi. Jioni ya siku ile, onyesho likikaribia, wawili hao waligombana ukumbini mbele za watu. Fundi alitaka kutoboa matundu zaidi ya hewa, Bundi akakataa kwa sababu moshi ungepotea. Fundi akapaza sauti, "Siku moja sanduku hili litakuzika kweli!" akaondoka. Na kabla ya kuondoka alikuwa amefunga komeo jipya kwenye kimlango. Maneno, komeo na sanduku: kwa Mkuu, kesi ilikuwa imepikwa na kupakuliwa.

"Kesho asubuhi anasomewa shtaka la kuua," alisema, akimpita Inspekta kwenye korido bila hata kusimama.

"Mkuu, komeo lile nimelifunga na kulifungua mpaka vidole vimeota sugu. Linafanya kazi."

"Leo linafanya kazi. Siku ile je?"

"Siku ile hatujui."

"Basi mahakama itatujulia," alisema Mkuu, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Shahidi wa asubuhi hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye tai iliyopigwa pasi na kalamu nyekundu mfukoni. Inspekta alimtazama, akatazama kiti, akatamani yeye ndiye angekuwa mtu wa kuulizwa maswali badala ya kuuliza. Alikuwa amechoka na hofu za watu wenye akili zao.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni mtu wa heshima. Una darasa, una familia. Unafuata nini kule?"

"Nikikwambia utanicheka, afande."

"Sijacheka tangu Ijumaa. Sema."

Mwalimu alikohoa kidogo. "Kwanza ni hesabu. Nyimbo za kawaida zinahesabu nne, mguu unajua wapi pa kukanyaga. Hawa wanahesabu saba, halafu tano, halafu wanarudi saba. Unakuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akakuta ngazi moja haipo. Moyo unaruka. Ukitua salama, unataka tena."

"Mnatoka majumbani kwenu mnakwenda kutiwa hofu."

"Hofu ya nyumbani haina mpangilio, afande. Ile ina mpangilio. Unaijua inakoanzia na unajua itaisha. Unaiogopa mpaka basi, halafu unarudi nyumbani unalala kama mtoto." Aliona aibu kidogo, akarekebisha tai ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Mke wangu anasema ni muziki wa wagonjwa. Lakini na yeye alikuja siku moja, na siku ya pili aliniuliza wanapiga tena lini."

"Na siku ile?"

Hapo uso wa mwalimu ulichangamka, na Inspekta akajua kwamba sasa anaanza kusimuliwa onyesho kwa mara ya mia.

"Siku ile walivuka mipaka. Kwa kawaida hodi ni fupi. Bundi anabisha, kinanda kinajibu. Akinyamaza yeye, nao wananyamaza, taa zinazimwa. Lakini siku ile hakunyamaza! Aliendelea kubisha, akaendelea, hodi zikatoka nje ya hesabu kabisa, na wao wakamfuata huko huko. Kinanda kinalia, ngoma zinamkimbiza. Nimewasikiliza miaka, sijapata kusikia kitu kama kile. Nililia, afande. Mtu mzima na ndevu zangu."

Kisha aliuona uso wa Inspekta, na tabasamu likamfia mdomoni. Alikitazama kiatu chake.

"Nilirekodi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kwenye simu. Wengi tulirekodi. Inazunguka mji mzima."

Inspekta aliisikiliza rekodi ile mlango ukiwa umefungwa. Aliisikiliza mara ya kwanza kikazi. Mara ya pili alijiambia kwamba kuna kitu amekikosa. Mara ya tatu hakujiambia kitu. Kinanda kilikuwa kinazunguka chini chini, zikaja zile hodi, kavu, za ubao mtupu, na muziki wote ukageuza uso kuzifuata. Nywele za mikononi zilimsimama. Alichukia kwamba mtu alikuwa anakufa mle ndani, akachukia zaidi kwamba wimbo ulikuwa mzuri. Akazima simu kwa hasira na kuiweka kwenye saraka.

Alikwenda selo. Fundi seremala alikuwa amekaa sakafuni, mikono mikubwa imelala magotini kama vifaa ambavyo mwenyewe amevisahau. Tangu akamatwe alikuwa hajajitetea hata kwa sentensi mbili, na hilo lilimkera Inspekta kuliko uongo. Mwongo unaweza kumshika. Mtu aliyenyamaza utamshika wapi?

"Fundi, kesho wanakusomea shtaka. Nisaidie nikusaidie. Ulipoondoka ukumbini, sanduku lilikuwaje?"

"Mimi nilijenga tu."

"Komeo lilikuwa gumu?"

"Halikuwa gumu."

"Kuna mtu aliligusa baada yako?"

Fundi aliutazama ukuta. "Mimi nilijenga tu, afande."

"Hayo umeshaniambia! Kasuku naye angeshachoka." Akaondoka akiugonga mlango wa selo kwa kiganja, na kiganja kikauma, na hilo nalo likamkera.

Kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa dada yake Bundi, kama alivyokaa jana na juzi, na kikapu cha nguo safi za mume wake miguuni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mshona nguo, mwenye macho yaliyolia mpaka yakakauka. Inspekta alisimama upande wa pili wa kaunta. Habari mbaya hakuijulia njia nzuri ya kuipeleka, kwa hiyo aliipeleka ilivyo.

"Dada, kesho anapelekwa mahakamani."

"Kwa kosa gani?"

"Kuua."

Dada yake Bundi aliinuka. "Jumapili nimemzika mdogo wangu. Sasa mnataka nimzike na mume, afande? Kwani mimi ni mchimba makaburi?"

Askari wa zamu alijifanya anatafuta kalamu. Inspekta alisimama pale akiwa na aibu ya serikali nzima mabegani, na vidole vyake, bila yeye kuvituma, vikaanza kugongagonga kaunta. Ulikuwa ule mdundo. Tangu asubuhi ulikuwa umemganda kichwani kama gundi.

"Umeijua wapi hodi hiyo?"

Inspekta aliinua macho. Dada yake Bundi alikuwa anavitazama vidole vyake, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ipi, dada?"

"Hiyo unayopiga. Mbili, moja, halafu tatu za haraka. Hiyo ni hodi ya mdogo wangu. Akichelewa kurudi na baba ameshafunga mlango, alikuwa anabisha hivyo kwenye dirisha langu, nikamfungulie baba asijue. Hakuna mwingine aliyekuwa anaijua hodi hiyo. Mama mwenyewe alikuwa haijui."

"Labda aliiweka kwenye wimbo baadaye."

"Aiweke kwenye wimbo!" Alimtazama Inspekta kama mtu anayemtazama mjinga. "Hiyo si ya wimbo, afande. Hiyo ni ya kuomba kufunguliwa."

Inspekta alichukua funguo za gari.

Ukumbi ulikuwa na mwanga wa mchana uliopenya kwenye madirisha ya juu, na mchana huo uliuvua uchawi wake wote. Pazia jeusi lilikuwa limechakaa pindoni. Sanduku lilikuwa pale pale jukwaani, limezungushiwa utepe wa polisi, na pembeni yake bendi ilikuwa inafanya mazoezi kama kawaida. Walikuwa wanaandaa onyesho la kumkumbuka marehemu.

"Marehemu hajapoa," alisema Inspekta, "na nyinyi mko kazini."

"Ndivyo yeye mwenyewe angetaka," alijibu mpiga kinanda. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi na mtunzi wao, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, vidole vyake haviachi kutembea hata asipopiga. Katika maelezo yake kwa polisi alikuwa ameandika kwamba hakuna aliyesikia kitu cha ajabu. "Tumeshakwambia yote, afande."

"Basi sina la kuwauliza. Endeleeni na mazoezi yenu, msinijali."

Alimwita msimamizi wa ukumbi, mzee mwenye kitambi na funguo nyingi, akamwambia afungue kifuniko. Kisha alivua viatu, akapandisha sketi yake ya kazi, na kuingia sandukuni.

"Mama, jamani!" alisema msimamizi.

"Funika."

"Mimi nina presha, mama."

"Na mimi nina Mkuu. Funika, mzee wangu."

Giza lilimfunika kama blanketi. Ndani mlinuka gundi na kitu kama chuma baridi. Kwanza alijaribu komeo: likateleza bila shida, kimlango kikafunguka, akaona pindo la pazia. Akakifunga. Tena likateleza. Mara ya tano alikuwa anaapiza kimoyomoyo. Komeo la fundi lilikuwa zima kabisa, na kesho fundi angeshtakiwa kwa sababu yake. Nje, bendi ilikuwa imeanza ule wimbo, na mle ndani kinanda hakikusikika kikitoka upande wowote, kilikuwa kinatoka kwenye mbao zenyewe.

Hakuwa amepanga kubisha. Mkono ulijiendea. Mbili, moja, tatu za haraka.

Kinanda kilisita. Kisha kikamfuata.

Alibisha tena, akachelewesha makusudi. Kinanda kikachelewa, na ngoma zikaingia chini yake, laini, zikimpokea. Aliharakisha, wakaharakisha. Alibisha ovyo, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake, nao wakauchukua ule ulevi na kuufanya kitu cha kupendeza, cha kutisha, na kwa muda mfupi Inspekta alisahau alichokuja kufanya akaendelea kubisha kwa sababu alitaka kusikia watakwenda wapi. Kisha akajistukia. Akanyamaza.

Nao wakanyamaza. Papo hapo.

Inspekta alilala gizani akausikiliza ukimya huo. Akafungua kimlango na kutoka kwa magoti, viganja vikitangulia sakafuni. Na hapo chini ya kiganja, penye rangi nyeusi ya jukwaa, alihisi mfereji. Mwembamba, mrefu, na mwingine kando yake. Wiki nzima yeye na wenzake walikuwa wamelikodolea macho komeo, na hakuna aliyeitazama sakafu nyuma ya pazia. Alitamani kujipiga makofi.

Alisimama na kulitoa pazia njiani. Mifereji miwili ya magurudumu ilitoka nyuma ya sanduku mpaka pembeni ya jukwaa, na pembeni hapo ilikuwa imesimama spika ya kinanda, kubwa kama kabati la nguo.

"Mzee," alimwita msimamizi, "sakafu hii ilipakwa rangi lini?"

"Siku ya onyesho, mama. Asubuhi. Hata ilikuwa haijakauka vizuri."

"Na spika ile hukaa wapi?" Hili alimwuliza mpiga kinanda.

"Hapo ilipo."

"Siku zote?"

"Siku zote, afande."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa jukwaa tu. Inspekta aliikamata spika kwa mikono miwili akaisukuma. Ilikuwa nzito, ikanung'unika, kisha magurudumu yakaingia kwenye mifereji na spika ikajiendea yenyewe kama punda anayejua zizi lake. Ikasimama mgongoni mwa sanduku. Kona yake ya chuma ilitua kwenye kovu dogo la mbao, sawasawa, juu ya kimlango. Akainama akajaribu kukifungua. Hakikusogea hata unywele.

Hakumtazama mpiga kinanda. Alimtazama mpiga ngoma, pande la mtu, ambaye alikuwa ameshikilia vijiti vyake viwili kifuani na kuinamisha kichwa.

"Ndugu yangu," alisema Inspekta, kwa sauti ya chini, "kwa nini mlinifuata nilipobisha?"

"Ni mazoea, afande." Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko mwili wake. "Kwetu anayekosea ndiye kiongozi. Mtu akitoka nje ya hesabu hatumrudishi. Tunamfuata, mpaka kosa linakuwa wimbo. Hiyo ndiyo sifa yetu."

"Usiongee," alisema mpiga kinanda.

"Ataongea," alisema Inspekta. "Nani aliisogeza spika?"

Mpiga ngoma alipangusa uso kwa mkono. "Mimi na huyu wa kinanda. Fundi alipokuwa anaondoka. Angekuwepo asingekubali. Huyu alisema sauti itoke kaburini, watu watakoma. Na kweli ilikuwa inatoka kaburini. Mpango ulikuwa kimya kikifika, taa zikizimwa, mimi naruka, naivuta spika pembeni, Bundi anatoka."

"Bundi alijua?"

"Baada ya ugomvi alikwenda moja kwa moja kuvaa kinyago. Akishavaa kinyago hasemeshwi. Amri yake mwenyewe. Tukasema haina neno, hatagundua, nitakuwa nimeshaivuta."

"Kwa nini hukuivuta?"

"Kimya hakikufika." Alimtazama Inspekta sasa, na macho yake yalikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. "Kimya tunampa yeye, akiacha kubisha. Hodi maana yake bado, endeleeni. Tulikuwa tunamngoja anyamaze, afande. Kumbe alikuwa ameshajaribu mlango. Alikuwa anabisha, tunamfuata, na kadiri tulivyomfuata ndivyo alivyozidi kubisha. Nikasema moyoni, leo Bundi ametuzidi sote."

"Halafu?"

"Halafu akanyamaza. Nami spika nilikuwa nimeshaisahau."

Kijiti kimoja kilimponyoka, kikaviringika mpaka ukingo wa jukwaa, na hakuna aliyekiokota. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amekaa kwenye kiti cha watazamaji akishika kifua.

"Baada ya pale ukairudisha spika pembeni," Inspekta alimwambia mpiga kinanda. "Watu wanamlilia rafiki yako, wewe unasukuma spika. Na wiki nzima umeniangalia nikimshikilia mume wa dada yake."

Mpiga kinanda alikuwa mweupe midomoni, lakini hakuinama. "Mimi sikumuua. Nilimpenda kuliko nyinyi wote. Na nitakwambia jambo, unichukie ukitaka. Umeisikia rekodi?"

Inspekta alitoa pingu kiunoni.

"Umeisikia. Basi unajua. Hajapata kuimba vile maishani mwake, na hakufungua mdomo."

Inspekta alimfunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na hamu ya kumzaba kibao, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba neno la kumpinga hakuwa nalo.

Mkuu wa kituo aliusikiliza mkasa wote akiwa amejishika kichwa. "Kwa hiyo hakuna muuaji," alisema.

"Kuna uzembe, na kuna uongo kwa polisi. Na kuna mtu asiye na hatia selo."

"Uzembe! Waandishi wa habari wanangoja muuaji, unaniletea uzembe." Alipuliza pumzi. "Haya, mtoe fundi wako. Lakini ripoti uiandike wewe, mimi siwezi kueleza habari ya watu waliomsindikiza mwenzao kwa ngoma wakidhani anafurahi."

Fundi aliletwa mapokezi. Alipewa mkanda wake na viatu vyake, akasimama navyo mkononi bila kuvivaa. Mke wake alikuwa ameshainuka kwenye benchi, kikapu kimemwelemea mkononi, na kwa mara ya kwanza Inspekta aliona kwamba macho yale makavu bado yalikuwa na maji.

Aliwaeleza yote wote wawili, polepole, bila kuficha na bila kupamba. Alieleza spika, kinyago, hodi. Alipofika kwenye zile mbili, moja, na tatu za haraka, dada yake Bundi alijiziba mdomo kwa kiganja na kukaa hivyo mpaka mwisho.

"Alikuwa ananiita mimi," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nilikuwa nyumbani nashona."

Inspekta alimgeukia fundi, na uchovu wa wiki nzima ukamtoka kama ukali. "Na wewe, fundi, Mungu akusamehe. Siku zote hizi nakuuliza! Ungeniambia tu kwamba ulipoondoka spika ilikuwa bado iko pembeni, ningeuliza nani aliisogeza, na mke wako asingekaa kwenye benchi hili akinichoma kwa macho. Neno moja tu."

"Haikuwa pembeni," alisema fundi.

Askari wa zamu aliacha kuandika.

"Nilipofika mlangoni niligeuka," alisema fundi. Alikuwa anaviambia viatu vyake. "Niliwaona wanaisukuma. Niliona imekaa wapi. Kimlango nilikijenga mimi, najua kinafungukia wapi. Nilijua kimezibwa."

"Na ukafanya nini?" Inspekta aliuliza, ingawa hakutaka tena kujua.

"Nilisema acha. Amekataa matundu yangu, ameniita fundi wa mabanda mbele za watu. Acha ahangaike kidogo mle ndani, atoe jasho, akitoka ataniheshimu. Nilidhani watamtoa, afande. Wallahi nilidhani watamtoa." Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti ya ajabu, kama mtu asiyejua namna ya kulia. "Nikaenda zangu."

Inspekta alivipitia vifungu vyote vya sheria alivyovijua, kimoja baada ya kingine, na hakupata hata kimoja cha mtu aliyesimama mlangoni, akaona, akaenda zake. Fundi alikuwa huru. Karatasi yake ilikuwa imeshasainiwa.

Dada yake Bundi alikiweka kikapu cha nguo sakafuni, taratibu sana. Akajitengeneza mtandio kichwani.

"Afande," alisema, bila kumtazama mume wake, "ile selo mmeshaifunga?"

"Bado, dada."

"Basi mrudisheni. Mimi kwangu leo simfungulii mtu."